WEPESI WA MWILI MTOTO ANAPOKARIBIA BALEGHE



Kila mwaka baada ya mitihani madrasa yetu hufanya mashindano ya mbio na mpira kwa madarasa yote. Na kila mwaka sisi walimu huona jambo ambalo kwa muda mrefu hatukulielewa. Mtoto wa miaka kumi au kumi na moja anapita katikati ya wenzake kama changu majini, hakuna wa kumshika. Baada ya miaka miwili mtoto yule yule anakuja uwanjani amerefuka, miguu imekuwa mirefu kama ya korongo, anataka kugeuka upande wa kulia mwili unakwenda kushoto, na mara yuko chini. Wenzake wanacheka.

Inatubidi tuseme ukweli, kwani ndio uliotufanya tuandike somo hili. Tulikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo, sasa ni mtu mzima na jina lake hatulitaji. Alipofika miaka kumi na tatu tulimtoa katika timu ya darasa, na mmoja wetu akamwambia mbele ya wenzake kuwa amekuwa mvivu. Akasema goti linamuuma, tukaona ni kisingizio. Akaacha mchezo, kisha akaanza kukosa hata darasa la jioni. Mama yake ndiye aliyekuja kutueleza kuwa wamekwenda hospitali, na daktari amesema mtoto hana uvivu wala ugonjwa wa kutisha, bali anakua, na mfupa wa chini ya goti unavutwa. Tulimwomba radhi, lakini miezi minne ilikuwa imekwisha kupita.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma habari za ukuaji wa mwili, na mwaka huu tumeonelea tuwaandikie nyinyi ambao mko katika umri huo huo, pamoja na kaka na dada zenu na wazazi watakaolisoma jarida hili.

WEPESI NI KITU GANI?

Wengi hudhani mwepesi ni yule anayekimbia sana. Si hivyo. Mtu anaweza kushinda mbio za mita 100 na akashindwa kumkwepa mtoto mdogo kwenye chandimu ya uchochoroni. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa elimu ya michezo, Sheppard na Young, walieleza wepesi kuwa ni mwendo wa haraka wa mwili mzima wenye kubadilisha kasi au upande, ambao mtu anaufanya kwa kuitikia jambo fulani. Zingatieni maneno ya mwisho, kwa kuitikia jambo. Ukizunguka vijiti ulivyovipanga mwenyewe, unajua tangu mwanzo utageukia wapi. Lakini katika mchezo wa rede, yule aliye katikati hajui mpira utarushwa juu au chini, na tena ana chupa yake ya kujaza mchanga. Anamtazama mrushaji bega na mkono, anakisia, anakwepa, anarudi kwenye chupa. Huo ndio wepesi kamili, na pengine wasichana wanaocheza rede wana mazoezi bora kuliko wavulana wanaopiga danadana peke yao.

Ukitazama mtu anavyogeuka utaona mambo yanafuatana. Kwanza jicho linaona na ubongo unaamua. Kisha mguu unafunga breki, yaani mwili uliokuwa unakwenda mbele lazima usimame au upunguze mwendo. Mwisho mguu unasukuma ardhi ili mwili uende upande mpya. Watu husifu ile hatua ya mwisho, lakini wengi huangukia kwenye breki. Kufunga breki kunataka misuli ya mbele ya paja na ya makalio iwe na nguvu wakati inanyooshwa, na kunataka kitovu cha uzito wa mwili kiwe chini. Ndiyo maana mchezaji mzuri hukunja magoti na kupiga hatua fupi fupi kabla ya kugeuka.

MWILI UNAVYOREFUKA

Neno baleghe mnalijua katika darasa la fikihi, mmesoma alama zake na yanayomlazimu aliyebaleghe. Hapa tunalitazama kwa upande wa mifupa na misuli tu.

Bwana mmoja wa Ufaransa, Guéneau de Montbeillard, alimpima urefu mwanawe tangu alipozaliwa mwaka 1759 hadi 1777. Hakuwa na hospitali wala mashine, alikuwa na subira tu. Vipimo vyake vilionyesha jambo ambalo limethibitishwa mara nyingi baadaye, hasa na daktari wa Uingereza James Tanner (1920–2010), kwamba mtoto harefuki kwa mwendo mmoja. Kabla ya baleghe huongeza kama sentimita 5 kwa mwaka. Halafu huja kipindi cha kurefuka kwa ghafla. Katika nchi ambako watoto wamepimwa sana, wasichana hufikia kilele cha kurefuka wakiwa na miaka kama 12, na wavulana kama 14. Katika mwaka wa kilele msichana anaweza kuongeza sentimita 8 hivi, na mvulana 9 au 10. Hiyo ni wastani tu. Kuna anayetangulia kwa miaka miwili na anayechelewa kwa miaka miwili, wote wazima. Mtoto aliyekosa chakula cha kutosha au aliyeugua sana huweza kuchelewa zaidi.

Kwa hiyo katika darasa moja la wenye miaka 13 mnaweza kuwa na aliyekwisha kupita kilele, aliye katikati yake, na ambaye hajaanza. Kuwapanga hawa katika mbio moja na kusema huyu hodari na huyu dhaifu ni kama kulinganisha mahindi yaliyopandwa kabla ya mvua na yaliyopandwa baada yake.

Jingine ni kwamba viungo havikui pamoja. Nyayo na viganja hutangulia, ndiyo maana mama hununua viatu mara mbili kwa mwaka mmoja na kulalamika. Kisha miguu hurefuka. Kiwiliwili hufuata baadaye. Misuli ndiyo ya nyuma zaidi: kwa wavulana nguvu huongezeka kwa kasi kubwa kama nusu mwaka hadi mwaka mmoja baada ya kilele cha urefu. Basi kuna miezi ambayo mtoto ana miguu ya mtu mzima na misuli ya mtoto.

HESABU NDOGO YA ASILIMIA KUMI

Wanaopenda hesabu wachukue kalamu. Tuseme mtoto ana urefu wa sentimita 140 na uzito wa kilo 32. Tumkuze asilimia 10 kila upande, urefu, upana na unene, bila kubadilisha umbo lake. Urefu unakuwa sentimita 154. Uzito hauongezeki kwa asilimia 10, bali 1.1 mara 1.1 mara 1.1, ambayo ni 1.331. Kwa hiyo anakuwa na kilo 42 na nusu. Lakini nguvu ya msuli inategemea unene wake ukiukata kati, yaani eneo, nalo linaongezeka kwa 1.1 mara 1.1, sawa na 1.21. Uzito umeongezeka kwa asilimia 33 na nguvu kwa 21. Kila kilo moja ya mwili wake sasa ina nguvu pungufu ya kuibeba, kiasi cha asilimia 9.

Na kugeuka je? Hapa ndipo penye siri. Ugumu wa kuzungusha kitu unafuata uzito wake mara urefu wake mara urefu wake tena. Jaribuni kuuzungusha mkononi ufagio mfupi wa chelewa, kisha mshike mti wa kuangulia maembe. Kwa mtoto wetu ni 1.331 mara 1.21, yaani 1.61. Mwili umekuwa mgumu kuuzungusha kwa asilimia 61, na nguvu zimeongezeka kwa 21 tu! Hesabu hii imerahisishwa, kwani mwili halisi haukui sawasawa kila upande, lakini inatosha kumwonyesha mtu kwa nini aliyerefuka ghafla anageuka kama jahazi lililokuwa likizoea kuwa ngalawa.

Tusije tukawatisha. Si kila mtoto hurudi nyuma. Wataalamu wa Ubelgiji walifuatilia vijana wacheza mpira wa miguu kwa miaka kadhaa na kutoa matokeo yao mwaka 2006. Waliona kuwa kwa wastani kasi ya kwenda na kurudi iliongezeka zaidi katika kipindi kile kile cha kilele cha urefu. Wastani, hata hivyo, huficha watu. Ndani yake kuna wachache ambao kwa miezi kadhaa hufanya vibaya kuliko walivyofanya mwaka uliopita, na mara nyingine ni wale waliokuwa wazuri sana mwanzoni. Hali hiyo hupita. Mwalimu anayemtoa mtoto katika mchezo katika miezi hiyo anamhukumu kwa kitu cha muda, na sisi tumeshakiri kosa letu.

WAVULANA NA WASICHANA

Kabla ya baleghe tofauti ya wepesi kati ya mvulana na msichana ni ndogo. Baada ya hapo njia zinaachana. Mvulana anapata homoni ya testosteroni kwa wingi, misuli inanenepa, mabega yanapanuka, na kila mwaka muda wake wa mbio hupungua hadi anapomaliza ujana. Msichana anaongeza mafuta ya mwili zaidi, jambo ambalo ni la kawaida na la afya kwake, na nyonga zake hupanuka. Wasichana wengi wakifika miaka 13 au 14 wepesi wao husimama pale pale usiongezeke.

Lakini tunauliza, je, husimama kwa sababu ya mwili tu? Sisi tunaona sababu nyingine iko nyumbani. Msichana akishavunja ungo anaambiwa amekuwa mkubwa, asiruke kamba, asicheze rede, akae akune nazi. Kaka yake wa umri ule ule yuko uwanjani hadi adhana ya magharibi. Baada ya miaka miwili tunasema wasichana ni wazito. Heshima na stara hazikatazi mazoezi. Uani penye ukuta, nguo pana isiyokanyagwa, viatu vya mpira na wenzake wa kike, hayo yanatosha. Tena msichana ana haja zaidi ya kufundishwa kutua vizuri, kwani kuanzia baleghe wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka huumia kano za ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana. Anapotua magoti yake yasiangukie ndani yakakaribiana, bali yaelekee kule vidole vya miguu vinakoelekea.

Mafuta ya mwili tuyaseme kwa adabu. Mtoto mnene hubeba mzigo ambao haumsaidii kusukuma, na kila breki inamgharimu zaidi. Hilo ni jambo la fizikia tu, halina aibu ndani yake. Kumwita majina hakumpunguzii kilo hata moja, kunamfukuza tu kwenye mchezo ambao ungemsaidia.

MACHO, SIKIO NA NEVA

Mwili husimama wima kwa habari tatu: macho, sehemu ya sikio la ndani inayohisi mwendo wa kichwa, na neva za kwenye misuli na viungo zinazoueleza ubongo mguu uko wapi. Mguu ukirefuka kwa miezi michache, ubongo unakuwa na ramani ya zamani. Mtoto anainua mguu kiasi alichozoea, kumbe kizingiti sasa kinagusa kidole. Mtoto anayeangusha vikombe na kugonga meza hana kiburi, wazazi wamvumilie. Dawa yake ni kutumia mwili huo mpya mara nyingi ili ramani ichorwe upya. Simameni mguu mmoja mkihesabu hadi thelathini, kisha mfumbe macho mjaribu tena, mtaona sikio na neva zinavyohangaika macho yakiondoka.

Kasi ya kuitikia nayo huongezeka taratibu tangu utotoni hadi mwisho wa ujana. Mnaweza kuipima kwa rula ya sentimita 30. Mwenzako aishike juu, wewe uweke kidole gumba na cha shahada chini yake bila kuigusa. Akiiachia bila kusema, uidake. Ukiidaka penye sentimita 15 umetumia kama sekunde 0.17, penye 20 ni sekunde 0.20, na penye 30 ni karibu robo sekunde. Fanyeni mara tano mchukue la katikati, kwani mara moja inaweza kuwa bahati.

MAUMIVU YANAYODHANIWA KISINGIZIO

Mfupa wa mtoto hurefuka kupitia tabaka za gegedu karibu na ncha zake, na gegedu ni laini kuliko mfupa. Kano ya goti inayoshuka kutoka kwenye kilegesambwa imeshikwa chini ya goti mahali penye gegedu kama hiyo. Mfupa wa paja ukirefuka upesi kuliko msuli wake, msuli unakazana, na kila kuruka na kila breki kunavuta pale. Panavimba, panauma ukipiga magoti. Hali hii ilielezwa mwaka 1903 na madaktari wawili, Osgood wa Marekani na Schlatter wa Uswisi, na mpaka leo inaitwa kwa majina yao. Kisiginoni iko nyingine inayofanana nayo, iliyoelezwa na daktari Sever mwaka 1912. Zote mbili huisha mifupa ikikomaa. Tiba kubwa ni kupunguza kuruka na kukimbia kwa kiasi cha maumivu, kuweka barafu, na kunyoosha misuli polepole. Mtoto wa namna hiyo akiona shida kukaa kitako cha magoti muda mrefu darasani, aruhusiwe kiti.

Maumivu ya usiku yanayomwamsha, goti lililovimba lote, homa, au kuchechemea kunakoendelea, hayo si ya kusubiri. Aonwe na daktari.

Katika kipindi cha kilele mifupa hurefuka kabla haijajaa madini vya kutosha, na ndiyo maana mikono mingi huvunjika katika umri huu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mboga za majani si chakula cha kimaskini, kama wengine wanavyodhani.

YALIYO NJE YA MIFUPA

Damu pungufu inamfanya mtoto achoke mapema, na huku kwetu pwani malaria na minyoo ya safura ni sababu zinazojulikana. Msichana aliyeanza hedhi anapoteza madini ya chuma kila mwezi, naye azingatiwe zaidi. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa mzito, mkague kope kwa ndani kama zimepauka kabla ya kumwita mvivu.

Usingizi. Wataalamu wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Wewe unaamka saa kumi na moja alfajiri. Ukitaka saa tisa uwe kitandani saa mbili usiku, na ukitaka nane, saa tatu. Nani kati yenu anafanya hivyo? Simu ilalie chumba cha wazazi.

Kuhusu ardhi hatuna mengi. Mchanga mkavu unameza msukumo wa mguu, na sakafu yenye vumbi inateleza. Anzeni kwenye udongo ulioshikana. Kiatu kikubwa kilichonunuliwa ili kidumu ni hatari kwa anayegeuka.

JIPIMENI

Shirika la Afya Ulimwenguni linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli za kutoa jasho. Ndani ya hizo, rede, kombolela, kuruka kamba na chandimu zinatosha kuwa mazoezi ya wepesi. Aliye katika miezi ya kurefuka apunguze mbio za nguvu, aongeze kuchuchumaa na kusimama, kuruka na kutua kwa utulivu, na kusimama mguu mmoja.

Kipimo tutakachotumia sisi ni kile cha Ulaya kiitwacho Eurofit, ambacho hakitaki vifaa. Chora mistari miwili iliyoachana mita 5. Kimbia kwenda na kurudi hadi utimize safari 10, miguu yote miwili ivuke mstari kila mara. Jumla ni mita 50 zenye kugeuka mara 9. Siku nyingine kimbia mita 50 zilizonyooka. Ukiondoa muda wa pili katika wa kwanza, kinachobaki ni gharama yako ya kusimama na kugeuka. Aliye na kasi ndogo lakini gharama ndogo ana jambo la kujivunia ambalo mbio za kawaida zisingemwonyesha.

Matokeo hayatabandikwa ukutani. Kila mwanafunzi atayaandika katika daftari lake pamoja na urefu wake, kila baada ya miezi mitatu, na ajilinganishe na nafsi yake. Wavulana watapimwa Alhamisi baada ya alasiri, wasichana Jumamosi asubuhi na walimu wa kike. Aliyeongeza zaidi ya sentimita 2 katika miezi mitatu atakuwa katika timu kama kawaida, ila mwalimu atajua kwa nini anaanguka.